Nyasi za Kitulo, mipaini ya Mufindi: je, kila ardhi isiyo na miti inahitaji miti?

Kila mvua za Novemba zinapokaribia Nyanda za Juu Kusini, swali lilelile huibuka upya. Halmashauri zimeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kila mwaka, shule na vikundi vinagawiwa miche, na viongozi wanahimiza wananchi wasiache kilima kikiwa kitupu. Wakati huohuo Serikali hiyohiyo, kupitia Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), inalinda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, uwanda wa nyasi ambao sehemu yake kubwa haina mti wa kukupa kivuli. Mwananchi anabaki na maswali. Kama miti ni uhai, nyasi zinalindwa za nini? Kama nyasi zina thamani, mbona vilima vya jirani vimefunikwa mipaini?

Majibu yanayotolewa vijiweni na redioni yanagongana. Wapo wanaosema Kitulo ni msitu uliokatwa zamani, na kwamba kupanda miti pale ni kurejesha kilichopotea. Wapo wanaosema kila shamba la mipaini ni maafa. Wapo pia wanaosema maswali haya ni ya watu walioshiba, kwamba mkulima wa Mufindi anapanda mti ili amsomeshe mtoto. Kila upande una chembe ya ukweli, na kila upande unaruka jambo la msingi: kwa nini mimea na wanyama wa kanda hii wamegawana ardhi namna walivyoigawana.

Barabara moja, dunia kadhaa

Ramani nyingi za shuleni huipaka karibu Tanzania yote rangi moja na kuiita savana. Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya anaweza kuisahihisha ramani hiyo kwa kuchungulia dirishani. Pale Ruaha Mbuyuni, bondeni, mibuyu imetawala. Ni nchi ya joto na ukame, na mti wa huko unaishi kwa kuweka akiba ya maji ndani ya shina laini na kubaki bila majani sehemu kubwa ya mwaka. Basi likipanda mlima wa Kitonga, hewa inabadilika na miombo inaanza. Baada ya Iringa mjini, kuelekea Mafinga, nchi ya vilima vya nyasi imegeuka kuwa mipaini na mikaratusi iliyopangwa mistari. Makambako upepo ni mkali. Kisha barabara inashuka Igawa na Rujewa, ukingoni mwa bonde la Usangu, na miiba inarudi. Halafu inapanda tena hadi Uyole, na anayekata kushoto kwenda Tukuyu anakuta migomba, chai na misitu inayochuruzika maji.

Mwaka 1983 mtaalamu wa mimea Frank White alichapisha, kwa udhamini wa UNESCO, ramani ya uoto wa Afrika inayotumika hadi leo. Katika ramani hiyo, Iringa na Mbeya ziko kwenye makutano: miombo inayotoka upande wa Zambia, miiba inayoshuka kutoka upande wa Somalia na Umasaini, na visiwa vya uoto wa milima mirefu. Ndiyo maana katika Hifadhi ya Ruaha utawakuta palahala na korongo, wanyama wa miombo, katika hifadhi moja na tandala mdogo, mnyama wa vichaka vikavu. Sehemu za namna hiyo ni chache barani.

Nani aliyepanga: mwinuko, upepo, baridi na moto

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Vilele vya Rungwe na Mtorwi vinafika karibu mita 2,960, na juu ya Kitulo usiku wa Juni na Julai umande huganda kuwa barafu.

Sababu ya pili ni upepo. Pepo za kusini mashariki na unyevu wa Ziwa Nyasa hugonga miteremko ya milima ya Rungwe na Livingstone, hewa hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Miteremko ya kusini ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Hewa ikishavuka kwenda Usangu na Ruaha imekwisha kukamuliwa, na huko milimita 500 hadi 700 ndiyo kawaida.

Mwinuko na upepo, hata hivyo, havitoshi kueleza nyasi za Kitulo, maana mvua ya pale ingetosha kukuza msitu. Hapa ndipo baridi na moto vinapoingia. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutulia kwenye mabonde mapana na tambarare. Mche wa mti unaochipua hapo huungua kwa barafu kabla haujaimarika. Kisha kiangazi huja na moto, wa radi na wa binadamu, na huteketeza kilichoachwa na baridi. Kwenye makorongo yenye mteremko mkali, ambako hewa baridi haitulii na moto haufiki kirahisi, msitu unashika. Ukisimama Kitulo ukatazama, mpangilio huo unauona kwa macho: nyasi mgongoni, msitu kwenye mikunjo.

Mimea ya pale imejijenga kuishi chini ya masharti hayo. Ukichimbua okidi moja wakati wa maua, utakuta viazi viwili vidogo. Kimoja kimenywea na kulegea, kwa kuwa ndicho kilichotoa chakula cha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa, ni akiba ya mwaka ujao. Moto na barafu hupita juu, uhai umelala chini. Nyasi nazo huficha machipukizi yao kwenye kitako, yakiwa yamezungukwa na mabua yaliyokauka. Katika nyika za juu kuanzia kanda hii hadi Zambia na Angola ipo hata mimea ambayo ndugu zake ni miti mirefu, ila yenyewe imezika shina na matawi ardhini na kutoa majani tu juu. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha mimea ya aina hiyo ilianza kutokea miaka milioni kadhaa iliyopita, kabla binadamu hajashika shoka.

Miombo ina mbinu zake. Septemba, ardhi ikiwa kavu kabisa, miyombo hutoa majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba wiki kadhaa kabla ya mvua, ili mvua ikianza kazi iwe imeshaanza. Hufanikiwa kwa sababu ya mizizi mirefu na kwa sababu ya ushirika na kuvu ardhini, kuvu ambazo uyoga wake huuzwa kando ya barabara za Iringa mvua zinapokolea.

Wanyama nao hawakuangukia popote. Kipunji, kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na Livingstone, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na habari zake kabla yao, ana manyoya marefu yanayomfaa kwa baridi ya mita 2,400. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu duniani kote, wakiwamo wachache wa msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mbayuwayu wa buluu anafanya kinyume: msitu haumfai. Anahitaji nyasi wazi za kuwindia wadudu, na hutaga kwenye kuta za mashimo ardhini, yakiwamo yaliyochimbwa na muhanga. Ukipanda mipaini juu ya makazi yake, ameondoka. Ukikata msitu wa kipunji, naye amekwisha. Kipande kimoja cha nchi hakiwezi kuwatosheleza wote wawili.

Hoja ya kwanza: nyasi ni msitu uliopotea

Wanaoshikilia hoja hii hawasemi kwa kubahatisha. Katika karne moja iliyopita sehemu kubwa ya misitu ya Poroto, ya miteremko ya Rungwe na ya kingo za Mufindi imegeuzwa mashamba ya viazi, pareto, chai na mahindi. Vipande vya msitu vilivyobaki makorongoni vinafanana na mabaki ya kitu kikubwa zaidi. Ni kweli pia kwamba ukizuia moto kwa miaka mingi, ukingo wa msitu husogea mbele na kumeza nyasi. Na binadamu yuko hapa tangu kale: zana za mawe za Isimila, nje kidogo ya Iringa mjini, zina umri wa zaidi ya miaka 200,000.

Udhaifu wa hoja uko kwenye neno "zote". Kwamba baadhi ya nyasi zilitokana na ukataji haimaanishi nyasi zote zilitokana nao. Shamba lililoachwa huota magugu yanayopatikana kila mahali. Halioti okidi zisizopatikana kwingine. Kitulo ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo takriban aina 45 za okidi za ardhini, na baadhi hazijulikani nje ya nyanda hizi. Mimea haijibadilishi kiasi hicho ndani ya vizazi vichache vya wakulima.

Hoja ya pili: nyasi ni za kale

Ushahidi wake mzito umo matopeni. Chavua ya mimea hudondoka kwenye vinamasi, ikafukiwa tabaka baada ya tabaka na kuhifadhika. Wataalamu wakizamisha bomba na kutoa udongo, wanaweza kusoma ni mimea gani iliyokuwapo enzi gani. Kwenye uwanda wa Nyika nchini Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, chavua imeonyesha kwamba nyasi zilitawala tangu zamani sana, kabla ya kilimo. Kwenye kinamasi cha Dama, Udzungwa, rekodi inayorudi nyuma takriban miaka 48,000 inaonyesha upande wa pili: msitu wa miteremko ile ulidumu hata wakati wa ukame na baridi kali ya zama za barafu. Kwa hiyo matope yanatuambia kwamba msitu una mahali pake pa kale na nyasi zina mahali pake pa kale.

Hoja hii nayo ina kasoro pale inaposhikwa kwa ushabiki. Mpaka kati ya nyasi na msitu haujawahi kutulia, na moto wa binadamu umeusukuma kwa maelfu ya miaka. Moto wa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita haraka na kuacha kingo za msitu salama. Moto wa Oktoba huunguza kila kitu na kula ukingo. Anayesema "nyasi ni za asili, acheni ziungue" bila kusema lini, anaumiza msitu kwa jina la nyasi. Tena ardhi yenyewe imewahi kugeuzwa: miaka ipatayo 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka na kumwaga kokoto nyepesi za volkano juu ya eneo kubwa. Tunachokiona leo kimejengwa upya zaidi ya mara moja.

Hoja ya tatu: mti ni akiba ya mkulima

Hii ndiyo hoja yenye watu wengi nyuma yake, na wahifadhi wanakosea wanapoipuuza. Shamba la miti la Serikali la Sao Hill, Mufindi, lina eneo la zaidi ya hekta 135,000, na limelisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo na mamia ya wapasua mbao. Tangu miaka ya 2000 wananchi wenyewe walifuata: Mufindi, Kilolo, Makete na Njombe kila mwenye ekari mbili alipanda mipaini. Mashine ndogo za kupasulia mbao, maarufu kama dingdong, zilifika vijijini, mbao zikasafiri hadi Dar es Salaam na Kenya. Mti haudai pembejeo kila mwaka kama mahindi. Ukipata dharura, unauza shamba likiwa limesimama. Na mbao za shambani zinapunguza kishawishi cha kuingia msitu wa asili, jambo ambalo mpenzi wa kipunji anapaswa kulikumbuka.

Gharama zake huonekana polepole. Wengi huvuna mti ukiwa na umri mdogo kwa sababu ya shida, kwa hiyo bei huwa ndogo na ubao hujikunja. Moto mmoja wa Septemba huweza kufuta miaka kumi ya subira, maana majani ya mpaini yaliyodondoka ni kuni tupu. Mbegu za mipaini na za miwati hupeperuka au kusombwa hadi kwenye nyasi zisizo za mwenye shamba. Miaka ya karibuni baadhi ya wakulima wa Njombe na Rungwe wamekuwa wakigeukia parachichi, ishara kwamba walichokuwa wakikitafuta ni kipato. Sera inayochukulia mpaini kama uzalendo haimsikilizi mkulima huyo.

Maji: mahali hoja zote zinapopimwa

Imani kwamba mti wowote, popote, huleta maji ndiyo inayosukuma kampeni nyingi. Mbeya ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza Afrika Mashariki kuipima. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1968, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO, lilipima maji ya vijito viwili kwenye safu ya milima ya Mbeya. Kimoja kilitoka kwenye msitu wa asili, kingine kwenye mteremko wenye mashamba ya wananchi. Matokeo yaliwashangaza wengi: kijito cha mashambani kilitoa maji mengi zaidi, hata kiangazi. Msitu ulikunywa zaidi, na udongo wa majivu ya volkano ulifyonza mvua vizuri hata ulipolimwa.

Matokeo hayo yasitumike kuhalalisha ufyekaji. Udongo wa volkano wa Mbeya una sifa zake. Kwenye udongo unaoshikana kirahisi, ukifyeka na kuchunga ng'ombe, mvua huteremka juu juu, hubeba rutuba, na kiangazi kijito hukauka. Jambo tunalojifunza ni jembamba zaidi na lenye manufaa zaidi: mti hunywa maji, na faida yake kwa chemchemi inategemea udongo, aina ya mti na ulichokiondoa ili kuupanda.

Kwa nyasi, jibu liko wazi zaidi. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, mabonde madogo ya nyasi yalipandwa miti na mito yake ikapimwa. Bonde la mikaratusi lilikauka kabisa mwaka wa tisa. La mipaini lilikauka mwaka wa kumi na mbili. Mikaratusi ilipokatwa ikiwa na umri wa miaka 16, maji hayakurudi sawasawa hadi ikapita miaka mingine mitano, kwa sababu mizizi ilikuwa imekamua udongo hadi chini sana.

Mkulima wa Iringa mwenye vinyungu analielewa hili bila maabara. Vinyungu, yale matuta ya bondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi, ndiyo mboga, maharage na mahindi mabichi ya miezi ya njaa. Jirani akipanda mikaratusi ukingoni mwa bonde, matuta hukauka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60, lakini mikaratusi ya bondeni bado inaonekana wilaya kwa wilaya. Na maji yanayopotea juu hukosekana chini. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kiangazi tangu mwaka 1993 ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na viboko wamebaki wakisongamana kwenye madimbwi. Chanzo kikuu cha hilo ni matumizi ya maji Usangu, hasa mashamba ya mpunga, na si haki kuibebesha mipaini lawama hiyo. Lakini mto ulioelemewa namna hiyo hauwezi kumudu kupoteza hata vijito vyake vya juu.

Kihansi, kwenye mteremko wa Udzungwa, ilitufundisha jinsi kiumbe kinavyoweza kufungwa na hali moja tu. Chura mdogo anayezaa watoto hai aligunduliwa mwaka 1996 akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko, katika eneo la hekta chache. Bwawa la megawati 180 lilipoanza kazi mwaka 2000, manyunyu yalipungua ghafla, na mwaka 2009 chura alitangazwa kutoweka porini. Umeme wa Kihansi ulihitajika, na bado unahitajika. Ila hesabu ya gharama ilifanywa kwa kuchelewa, na ikabidi vyura walelewe Marekani kabla ya kurudishwa.

Mizani

Nikipima hoja tatu, ya pili ina ushahidi mzito zaidi kuhusu asili ya nyasi za juu, na ya tatu ina uzito zaidi kuhusu maisha ya watu. Ya kwanza inafaa tu pale ambapo msitu ulikuwapo kweli. Kwa hiyo swali sahihi la kampeni ni "ardhi hii ilikuwa nini?", na idadi ya miti ifuate baadaye.

Njia ya kulijibu si ya gharama. Afisa misitu aende na jembe msimu wa mvua. Akikuta okidi, mimea yenye viazi na mashina yaliyozikwa, yuko juu ya nyasi za kale, na mche wake asiupande hapo. Akikuta magugu ya shamba na visiki, au ukingo wa msitu uliorudi nyuma, apande, tena apande miti ya asili ya msitu ule. Akikuta shamba la mtu lililochoka, mpaini au parachichi ni uamuzi wa mwenye shamba, mradi aache bonde na chemchemi. Mashamba ya miti yaliyopo yatunzwe na yavunwe kwa umri unaofaa, kwani kuongeza thamani ya ekari iliyokwisha pandwa kuna faida kuliko kufungua kilima kipya cha nyasi.

Uamuzi huu una gharama. Mwananchi anayeambiwa asipande kwenye nyasi za kijiji anapoteza kipato, na Kitulo, kilomita za mraba 412.9 zilizotangazwa hifadhi mwaka 2005, bado haijawapa majirani zake watalii wa kutosha kufidia. Wachimbaji wa chikanda, wanaong'oa kile kiazi kigumu cha okidi cha mwaka ujao na kukipeleka Zambia kupitia Tunduma kwa ajili ya chakula, wanafanya hivyo kwa sababu kuna mnunuzi, na askari wa hifadhi peke yake hatamaliza biashara hiyo. Kijiji kinacholinda nyasi kinalinda maji ya watu wa chini, na watumiaji wakubwa wa maji wanastahili kuchangia ulinzi huo.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Dunia ikizidi kupata joto, mikanda ya uoto hupanda mlima kufuata baridi. Miombo inaweza kusogea juu, na msitu pia. Nyasi za Kitulo tayari ziko karibu na kilele na hazina pa kwenda.

Halmashauri za Mbeya, Rungwe, Mufindi, Kilolo na Makete zinaweza kuanza msimu huu kwa jambo moja: kila taarifa ya upandaji miti, mbele ya safu ya idadi ya miche, iwe na safu inayosema ardhi iliyopandwa ilikuwa nini kabla.